Anayekwenda nchi za theluji: koti si jambo la kwanza

Kijana wa Kimanga (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu wote.

Mpwa wangu anaondoka Jumanne usiku kwenda kusoma Buffalo, jimbo la New York, na wiki nzima hapa nyumbani Tabata Kimanga mazungumzo ni koti tu. Dada ameshakwenda soko la mitumba la Karume mara tatu. Shangazi kaleta koti zito la marehemu mjomba, alilorudi nalo kutoka masomoni Urusi. Kila anayebisha hodi anauliza, "Koti kashapata?" Kashapata, tena mawili. Jana usiku nikamwita tukakaa barazani, nikamweleza mambo ambayo mimi nilipokwenda sikuwa na mtu wa kunieleza. Leo nayaweka hapa, maana najua humu wamo wazazi wengi wenye watoto huko.

Niliishi Buffalo miaka 6, nikarudi 2023. Baridi ya kila siku mtu anaizoea. Hatari iko kwenye zile siku mbili tatu za dhoruba ya theluji, na wengi wanaopotea siku hizo ni wa aina mbili: waliotoka baada ya kuambiwa wasitoke, na waliobaki ndani ambamo hamkuwa na akiba yoyote.

Niwaeleze kwanza theluji ya kule inavyokuja. Buffalo iko kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie. Mwanzoni mwa majira ya baridi maji ya ziwa bado yana uvuguvugu wa kiangazi. Upepo wa baridi kali ukipita juu ya ziwa kwa urefu wake unabeba mvuke njia nzima, na ukigusa nchi kavu unaumwaga kama theluji. Inashuka kwa mkanda mwembamba, kama vile mvua inavyopiga Mbezi huku Posta jua linawaka. Novemba 2014 vitongoji vya kusini mwa Buffalo vilifunikwa na zaidi ya mita moja na nusu, na kaskazini mwa jiji hilohilo watu walipata sentimita chache tu. Kwa hiyo usiseme "mbona kwetu shwari" kwa kuangalia dirisha lako.

Sasa Desemba 2022. Nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Watabiri walikuwa wametangaza siku kadhaa kabla, tena kwa maneno mazito kuliko kawaida yao. Alhamisi madukani foleni zilifika mlangoni. Ijumaa tarehe 23 nikaingia kazini alfajiri, mvua ya kawaida inanyesha. Baadaye asubuhi hiyo joto likaporomoka, maji yote barabarani yakawa barafu, upepo ukaanza. Amri ya kuzuia magari barabarani ilitolewa saa tatu na nusu asubuhi, wakati sisi wengi tumeshafika kazini na wengine wako njiani. Walionifuata zamu hawakufika. Nililala pale usiku wa Ijumaa, wa Jumamosi na wa Jumapili, kwenye kiti, tukipokezana kuwageuza wazee na kuwapa dawa.

Upepo ule ulivuma zaidi ya kilomita 100 kwa saa, na hali ya kutoona kitu iliendelea zaidi ya saa 30 mfululizo. Nilifungua mlango wa nyuma mara moja kutazama gari langu. Nikanyoosha mkono, sikuuona. Magari ya wagonjwa yalikwama, ya zimamoto yalikwama, hata yale makubwa ya kusukuma theluji yalikwama. Uwanja wa ndege ulipima zaidi ya sentimita 130. Katika kaunti ile walikufa watu zaidi ya 40. Wengine walikutwa ndani ya magari yao, wengine mitaani kwa miguu, wengine nyumbani umeme na joto vimekatika. Kuna walioanguka kwa moyo wakichota theluji, na kuna waliopiga simu ya dharura na hakuna gari lililoweza kuwafikia. Nikisema kaa ndani, nasema kwa ajili ya watu hao.

Nyumbani kwangu nilisalimika kwa sababu ya mzee mmoja Mkongo, jirani. Buffalo ina wakimbizi wengi kutoka Kongo, Kiswahili unakisikia mpaka dukani. Alhamisi jioni alinigongea akaniambia: "Bwana mdogo, acha bomba linadondoka, na kabati la chini ya sinki lifungue, joto liingie kwenye mabomba." Nikafanya kwa kumheshimu tu, sikuelewa sababu. Maji yakiganda ndani ya bomba yanatanuka na kulipasua. Yakitembea kidogo kidogo si rahisi yagande. Nyumba ya pili yake bomba lilipasuka, dari ikashuka.

Kwa mpwa wangu nimesema hivi. Ukisikia onyo la dhoruba, siku hiyohiyo nunua chakula cha siku tano kisichohitaji jiko, maji, betri na tochi, na dawa zako zijae. Chaji kila kitu. Beleshi liwe ndani ya nyumba, si kwenye gari, maana gari ndilo utakalolifukua. Amri ikitoka, kama uko ndani baki ndani, hata bosi akipiga simu. Ukiwa kazini, lala kazini.

Walioishi huko ongezeni. Wenye maswali pia karibuni.

Mkazi wa Mbagala

Ahsante mkuu. Lakini na hilo koti tusaidie, kijana wangu anakwenda Finland mwezi ujao. Nimeona makoti mazuri Karume, yanafaa au ninunue jipya akifika?

Kijana wa Kimanga

Kaka, koti la mtumba likiwa zima linafaa kabisa. Mengi yanatoka nchi hizohizo za baridi. Kagua zipu, kagua kama lina kofia, na liwe pana kiasi cha kuvaa sweta mbili ndani. Ila weka fedha zaidi kwenye vitu vya chini: buti lisilopitisha maji na lenye soli ya meno, na soksi za sufu. Nguo ya kugusa ngozi isiwe pamba. Pamba ikinyonya jasho inabaki na maji, na ukisimama kituoni inakupoza mwili kama kitambaa cha mgonjwa wa homa. Sufu hata ikilowa bado ina joto. Glavu zile ambazo vidole vinne vinakaa pamoja zina joto kuliko zenye kidole kimoja kimoja.

Na koti hilo asiliweke kwenye sanduku. Alishike mkononi toka hapa Dar. Sanduku likichelewa kwenye kuunganisha ndege, atatoka uwanjani na shati.

Dada Muuguzi

Naomba niongeze la afya, kwa sababu kila mwaka nasikia vifo vya namna hii na inaniuma.

Umeme ukikatika kule, mtu wa kwetu atawaza mkaa. Usithubutu. Jiko la mkaa, jenereta, jiko la kuchomea nyama, hakuna hata kimoja kinachoingia ndani ya nyumba iliyofungwa. Hewa yake ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Kichwa kinauma, unasikia usingizi, unajilaza, umekwisha. Februari 2021 baridi iliangusha umeme Texas, mamilioni wakabaki gizani, na kati ya waliokufa wamo walioingiza moto ndani au kuwasha gari kwenye gereji wapate joto. Kuna kifaa kidogo cha kutambua hewa hiyo, kinapiga kelele. Chumba cha mwanafunzi kama hakina, anunue kabla ya kununua televisheni.

La pili: kidole kikifa ganzi na kubadilika rangi, usikisugue na usikisugulie theluji. Ingia ndani, kiweke kwenye maji ya vuguvugu ambayo kiwiko chako kinayavumilia bila shida, kisha tafuta daktari. Usikiweke karibu na moto, maana hakisikii, kitaungua bila wewe kujua.

La tatu ni kuchota theluji. Mtu mwenye presha au moyo amwachie kijana. Baridi inabana mishipa, na kazi ile ni ya ghafla na nzito. Mwenye afya naye asukume badala ya kunyanyua, apumzike.

Mtu wa Makete

Dada Muuguzi umenigusa. Mimi ni wa Makete, niko Dar mwaka wa 11. Kwetu Juni na Julai baridi inafika kuweka sakitu kwenye majani, na karibu kila msimu unasikia familia iliyoingiza jiko la mkaa chumbani ikalala nalo. Darasa la tano nilipoteza rafiki yangu na mdogo wake kwa njia hiyo. Watu walisema wamerogwa. Ni mkaa ule. Kwa hiyo hili si la Ulaya na Marekani pekee, mwambieni na bibi kijijini.

Dereva Mstaafu

Mimi nimeendesha lori Kanada, makazi yangu yalikuwa Montreal, nitasema la barabarani.

Quebec sheria inataka gari liwe na tairi za baridi kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka 15 Machi. Mpira wake ni laini hata kwenye baridi kali, tairi ya kawaida inakuwa ngumu kama ubao. Watu wetu wananunua gari la bei nafuu Septemba wanasahau tairi, Desemba wanakuta seti nzima inakula mshahara. Tengeni hela hiyo mapema.

Chumvi inayomwagwa barabarani inayeyusha barafu mpaka kama nyuzi 9 chini ya sifuri. Baridi ikizidi hapo inaanza kushindwa, ndipo wanamwaga mchanga au chumvi za aina nyingine. Ukiona lami nyeusi inang'aa kwenye baridi ya nyuzi 15 chini, usidhani ni maji, ni barafu. Pale breki haikusaidii. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ulekee unakokwenda.

Ukikwama kwenye gari katikati ya dhoruba: baki garini. Waliotoka kwenda "pale tu kwenye taa" wengi hawakufika. Washa injini dakika kama 10 kila saa, na kabla ya kuwasha hakikisha ekzosi haijafukiwa, la sivyo moshi unarudi ndani, ni ileile hewa anayoisema Dada Muuguzi. Fungua kioo kidogo upande usio na upepo. Funga kitambaa chekundu kwenye antena. Kwenye buti la gari siku zote nilikuwa na blanketi, mishumaa, beleshi dogo, biskuti na gunia la mchanga.

Jambo jingine la Montreal: dhoruba ikiisha hawaisukumi theluji pembeni tu, wanaipakia kwenye malori na kwenda kuitupa. Wanaweka vibao vya kukataza kuegesha, kisha gari linapita na king'ora kwamba mtaa huu sasa unasafishwa. Usipotoa gari linavutwa. Mara ya kwanza nilisikia king'ora nikageukia upande wa pili kulala. Asubuhi nikatembea mitaa mitatu kulitafuta.

Mwana wa Magomeni Mzimuni

Naheshimu uzi, lakini nauliza kwa moyo safi: sisi wa bonde la Msimbazi lini tutaandikiwa? Theluji iko mbali. Mvua ya masika ikikaza, mto unafurika, barabara ya Jangwani inafungwa, mabasi ya mwendokasi hayapiti, mgonjwa wa Kigogo hafiki Muhimbili. Mimi 20 Desemba 2011, siku ya mafuriko, nilikuwa juu ya bati na mama yangu toka alfajiri mpaka saa nane mchana. Watu zaidi ya 40 walikufa jiji hili. Wengine walihamishiwa Mabwepande. Hatujasahau.

Kijana wa Kimanga

Ndugu yangu, pole sana, wewe na mama. Umeuliza jambo la haki na sitalipita.

Niliporudi, masika ya kwanza nilisimama upande wa Magomeni nikaangalia watu wakivuka maji ya Jangwani kwa miguu, wameshikana mikono, mabegi kichwani, mama mmoja na mtoto mgongoni. Nikawaona watu wa Buffalo palepale. Ni uamuzi uleule: nina kazi, nina zamu, bosi hataelewa, maji si mengi sana. Na Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) inakuwa imeshatoa angalizo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia, TMA walitangaza mapema, boti za Zanzibar zikasimama, shule sehemu kadhaa zikafungwa kwa muda. Watu walilalamika kwa hasara, na hasara ilikuwepo kweli. Lakini ndivyo inavyotakiwa: amri itoke kabla mtu hajaondoka nyumbani. Buffalo ilitoka watu wakiwa wameshafika kazini, na hilo lililaumiwa sana baadaye.

Tofauti ninayoiona ni kwamba mtu wa Buffalo mwenye chakula ndani anaweza kukaa. Wa Mzimuni maji yanamfuata ndani. Kwake yeye kujiandaa ni kujua usiku huo atakimbilia kwa nani, vyeti na kadi za kliniki viko kwenye mfuko gani wa nailoni, na nani anambeba bibi. Wewe umeyapitia, nakuomba uandike uzi wake, mimi nitakuwa wa kwanza kuchangia.

Mwana wa Magomeni Mzimuni

Nitaandika. Sisi kengele yetu ni watu wa juu. Ndugu akipiga simu kutoka Pugu au Kisarawe kwamba huko inanyesha toka jioni, hatulali, hata kama kwetu ni kukavu.

Mama wa Ukonga

Wanangu, mimi ni mama mtu mzima, nisameheni kama naandika vibaya. Binti yangu yuko chuo huko Syracuse, jimbo hilohilo la New York, mwaka wa kwanza. Wiki iliyopita ilitangazwa theluji nyingi, nikampigia simu haipatikani. Nikapiga mara arobaini. Sikula. Baba yake akanikuta nimekaa jikoni gizani. Kesho yake akapatikana, umeme ulikatika na simu ikazimika. Sasa mimi niko huku, nifanye nini? Kuna kitu mzazi anaweza kufanya akiwa Dar?

Kijana wa Kimanga

Mama, shikamoo. Pole kwa usiku ule. Mama yangu alipitia hivyohivyo 2022 na mpaka leo akikumbuka analia, kwa hiyo nakujibu kama ningemjibu yeye.

Kipo cha kufanya. Kwanza kubalianeni saa. Majira haya sisi tuko mbele yao kwa saa 8. Siku ya dhoruba awashe simu mara mbili tu, atume ujumbe mfupi wa maandishi, "nipo, nina joto", kisha azime. Ujumbe wa kawaida unapita hata mtandao ukiwa dhaifu, na hauli chaji. Mama usipige kati ya saa hizo, maana kila simu inayoita inamaliza betri ambayo usiku anaweza kuihitaji kuita msaada. Najua ni vigumu. Lakini ukijua ujumbe unakuja saa tisa alasiri, unasubiri saa tisa.

Pili, uwe na namba ya mtu wa pili palepale: anayekaa naye chumba, jirani, ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake, au Mtanzania aliyeko karibu. Iandike kwenye karatasi ukutani, na baba awe nayo.

Tatu, muulize leo maswali haya: beleshi unalo? Simu ina betri ya akiba? Jirani yako unamjua jina? Hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Mimi niliokolewa na jirani.

Binti wa Sinza

Mama wa Ukonga, mimi nimesoma hukohuko kaskazini. Mwambie pia giza lisimtishe. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nalia bila sababu, nikadhani nimechanganyikiwa. Daktari wa chuo alinipima akasema vitamini D iko chini sana. Ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuitengeneza na kule jua hakuna. Akanipa vidonge, akaniambia nitoke nje kila mchana hata nusu saa. Nilipata nafuu taratibu. Asinyamaze akijisikia hivyo.

Mkazi wa Mbagala

Na ndege ikiahirishwa kwa theluji njiani, nani analipa hoteli?

Binti wa Sinza

Kaka, inategemea. Ukianzia safari kwenye uwanja wa nchi za Umoja wa Ulaya, sheria yao inalitaka shirika likupe chakula na malazi hata kama kosa ni la hali ya hewa, ila fidia ya fedha hupati. Marekani kwa hali ya hewa halilazimiki kukulaza. Safari ikifutwa na ukaamua kutosafiri unarudishiwa nauli. Kwa hiyo awe na akiba ya usiku mmoja au miwili, na dawa zake ziwe kwenye begi la mkononi. Asiunganishe ndege kwa muda mfupi mwezi wa Januari, hata kama tiketi hiyo ni rahisi.

Dereva Mstaafu

Na kutembea juu ya barafu: hatua fupi, nyayo zikanyage zote kwa pamoja, kama mwanamke aliyejifunga kanga ikabana. Mikono isiwe mfukoni. Nimeona mifupa ya nyonga ikivunjika kwa sababu ya mikono mfukoni.

Kijana wa Kimanga

Nimemsomea mpwa wangu uzi mzima. Ametoa sweta mbili kwenye sanduku, kaweka tochi na betri ya simu. Yule mzee Mkongo bado yuko mtaa uleule. Nimempigia, amesema atampokea, na Alhamisi atampeleka kununua buti.

Mama wa Ukonga

Marahaba mwanangu, Mungu akubariki. Nimempigia sasa hivi, kule saa moja asubuhi. Jirani yake anamjua, ni mama mmoja wa Puerto Rico, huwa wanapeana chakula. Betri ya akiba anayo. Beleshi hana. Amesema atapita kulinunua leo akitoka darasani, na saa tano usiku wetu atanitumia picha yake.